Mama wa Baba Yangu

Tangu tumzike baba, wapo watu wanaonishika mkono na kuniambia, "Pole, mama, kwa kufiwa na mwanao." Hawajachanganyikiwa. Wanajua fika kwamba aliyezikwa ni baba yangu mzazi, aliyenizaa na kunisomesha. Nami naupokea mkono, nasema, "Asante, tumeshapoa," kwa sababu ndivyo inavyojibiwa, na kwa sababu kueleza kunataka nguvu na nguvu sina. Nimechoka. Nimechoka kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kutoka mbali, na kila anayekutana naye njiani anamsifu badala ya kumtua. Basi acha niandike. Huenda msomaji wa rika langu, aliyelelewa huku kwetu kwenye baridi na kahawa, atanielewa bila kuniuliza maswali mengi.

Kilichonichokoza ni harufu ya ugoro. Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Mlowo, na siku niliyorudi kazini baada ya msiba alikuja bibi mmoja kufuatilia habari za mjukuu wake aliyesimamishwa masomo. Aliketi mbele ya meza yangu, akafungua kikopo chake, akachota kidogo kwa kidole, akavuta. Ile harufu ilipita juu ya meza ikanikuta. Nilimwomba radhi, nikatoka, nikaenda kusimama nyuma ya madarasa ya kidato cha pili kama mwanafunzi mtoro. Nilikuwa nimerudi Hasamba, darasa la pili, nimevishwa kitenge kinachonuka ugoro.

Kitenge kilikuwa cha bibi yangu Namukonda, mama yake baba. Bibi alikuwa Mnamwanga wa kule chini Momba, kwenye joto, akaolewa huku juu Hasamba na Mnyiha, na tangu siku hiyo mpaka anazeeka hakuacha kuilaani baridi ya Mbozi. Asubuhi akiamka jambo la kwanza ni kuitukana baridi, la pili ni kusali. Meno yalikuwa yamekwisha kinywani. Mahindi ya kuchoma aliyapenda hivyo hivyo, akawa ananipa mimi nitafune upande mmoja wa gunzi huku yeye anaupapasa upande wa pili kwa ufizi, ananilaumu kwamba namaliza haraka. Mimi ndiye niliyelala naye kitanda kimoja. Aliniita mke mwenzangu, na babu, ambaye alikuwa amekwisha kufa kabla sijazaliwa, tulikuwa tunamsengenya pamoja kama mume mbaya aliyetutelekeza.

Alipokufa, hakuna aliyeniambia amekufa. Mama alinitoa kitandani kwa bibi alfajiri, akanifunga mgongoni ingawa nilikuwa mkubwa wa kutosha kubeba mdogo wangu, akanipeleka kwa jirani. Pale kwa jirani niliambiwa bibi amepumzika. Nikaona sawa, maana jana yake tulikuwa naye kwenye maharage mpaka jioni, na alikuwa akilalamika kiuno. Nilicheza na watoto wa jirani siku nzima nikijihadhari tusipige kelele. Wanawake walikuwa wanapita njiani na unga na kuni vichwani, wakifika karibu na nyumba yetu wanaangua kilio, "Mayo we! Mayo we!" Mayo ni mama kwa lugha ya kwao bibi. Nilikasirika sana. Niliwaza, watu hawa hawana adabu, bibi amepumzika wao wanapiga kelele mlangoni.

Baba hakuwepo. Alikuwa akiendesha lori la tajiri mmoja, akipeleka saruji upande wa Zambia, na wakati huo foleni ya malori ilikuwa imeanzia mpakani Tunduma ikarudi nyuma mpaka Mpemba. Simu za mkononi hazikuwepo. Mtu aliyetumwa kumwita alitafuta lori moja kati ya malori yote yale, akamkosa, akamkosa tena, na alipompata baba amejilaza chini ya tela akisubiri foleni isogee, bibi alikuwa ameshazikwa. Baba alimwachia utingo funguo akaja. Nilimwona akipita shambani, mikono ina grisi, hakuingia ndani, akaenda moja kwa moja kwenye lile tuta la udongo mpya nyuma ya migomba. Alisimama pale mpaka watu wakaona haya kumtazama. Hakulia.

Siku ya kumaliza matanga walikuja ndugu zake bibi, wengine wa Momba na wengine wa ng'ambo ya mpaka, wanaosema Kinamwanga kilichochanganyika na Kibemba. Hao walikuwa na neno lao: kupyana. Maana yake kumrithi mtu, lakini si kurithi ng'ombe wala shamba. Unarithi jina lake na mahali pake. Mtu akifa, nafasi yake haiachwi wazi. Anatafutwa wa damu yake, anakalishwa, anapewa jina, na tangu hapo waliokuwa wakimwita marehemu mama wanamwita yeye mama, waliomwita dada wanamwita dada. Upande wa babu, Wanyiha wetu, walisikiliza kimya. Mzee wa kanisa, ambaye ni ndugu wa babu, alisema anakwenda kuangalia ng'ombe. Hakuwa na ng'ombe.

Wakabishana kidogo. Shangazi Tabitha, dada yake baba, ndiye aliyekata shauri. "Mnatafuta nini?" alisema. "Si huyu hapa aliyelala naye? Hata kupumua anapumua kama yeye." Akanishika mkono akanikalisha mkekani. Nilifungwa kile kitenge, kikanizunguka mpaka nikashindwa kukunja magoti. Nikapewa maji ninywe katika kibuyu. Kisha wakaja mmoja mmoja, wazee wenye mvi, wanapiga magoti, wanapiga makofi ya taratibu, wananisalimu, "Mayo." Wa mwisho alikuwa baba. Alipopiga magoti uso wake ukawa sawa na wangu, na macho yake yalinitisha, maana alikuwa ananitazama na hakuwa ananiona mimi. "Mama," akasema.

Hapo ndipo kilio kilipotaka kunitoka, kilio changu cha kwanza tangu bibi apumzike. Nilikuwa nimeona blanketi lake likikunjwa na kupewa mtu, na kitu fulani kilianza kunielea. Shangazi aliona mdomo unatetemeka. Akanipigapiga kifuani kwa kiganja, kwa upendo kabisa, akasema, "Usilie, mama. Bibi hajafa. Yuko humu."

Wenzangu, mtoto wa darasa la pili akiambiwa yuko humu, anaelewa yuko humu.

Nilianza kuishi kwa uangalifu. Niliacha kuruka kamba na wenzangu, kwa sababu bibi alikuwa na kiuno kibovu na ningemtikisa. Niliacha miwa. Nikipewa hindi la kuchoma natafuna polepole mno, nalainisha kila punje kabla ya kumeza, maana anayekula ndani hana meno. Asubuhi nikienda shule nilivaa sweta juu ya sweta, watoto wakanicheka, lakini mimi nilikuwa najua nani anaichukia baridi. Kanisani tulipoimba nilinyamaza sehemu za juu, ambazo bibi alikuwa hazifikii. Siku moja kulitokea msiba kwa majirani, wanawake wakaingia wakilia, "Mayo we! Mayo we!" nami nikaitika kwa sauti, "Abee!" Mama yangu alinifinya paja, nikanyamaza, lakini niliona wanawake wawili wamenitazama kwa heshima.

Kwa mama yangu, kusema kweli, nilibaki mtoto, na mpaka leo namshukuru. Jina langu jipya lilimtesa. Baba alikuwa amemwambia kwamba sasa mimi ni mama mkwe wake, akawa hawezi kunichapa mbele ya baba. Akinyanyua fimbo tu, baba anasema, "Utampigaje mama yangu?" Mama akawa ananiambia kwa upole, "Mama mkwe, twende tukachume kahawa kidogo," na huko katikati ya mikahawa, mbali na macho ya watu, nachapwa barabara. Nilikuwa nalia hapo kwa raha zote. Kilio cha fimbo hakikumhusu bibi, kwa hiyo hakikuwa na hatari.

Maana hatari niliijua. Hakuna aliyenifundisha, niliipanga mwenyewe kichwani na ikapangika vizuri. Bibi alikuwa hajui kwamba amekufa. Alikuwa amepumzika, na alipoamka alijikuta ndani yangu. Nikimlilia atasikia. Atauliza, huyu mtoto anamlilia nani? Na akishajua, atatoka, tena atatoka kwa njia ya machozi yenyewe, na huko nje hana mahali pa kukaa kwa sababu blanketi lake wamempa mtu. Basi kila nilipomkumbuka, nilimeza. Koo lilikuwa linauma. Nilikunywa maji mengi sana mwaka ule.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba hakuwa ananiambia kitu. Msimu wa kupanda ulipofika, shangazi alikuja kusaidia, akawa anapekua vyungu vya bibi jikoni. "Mama," akaniuliza, "ile mbegu ya maharage mekundu uliiweka wapi?" Alikuwa anatania, nadhani, au nusu anatania. Mimi nikakaa chini kabisa nikajaribu kukumbuka. Nilifumba macho, nikamuuliza bibi kimoyomoyo. Kimya. Nikamuuliza kwa Kinamwanga kidogo nilichokijua. Kimya. Nikapekua uvunguni, darini, nyuma ya vyungu, wakati shangazi ameshasahau swali lake na anapepeta mahindi. Jioni mama akaipata mbegu ikining'inia kwenye kamba juu ya moshi, mahali ambapo mtu mzima yeyote angeanza kutazama. Wote wakacheka. Mimi niliogopa. Nilijiambia, bibi amenikasirikia, ndiyo maana hasemi nami.

Na juu ya yote kulikuwa na baba na safari zake. Zamani, kabla hajaondoka na lori, bibi alikuwa anapiga funda la maji, anampulizia kichwani na kifuani, anamwambia, "Nenda, rudi." Sasa kazi hiyo ikawa yangu. Baba, mtu mzima mwenye ndevu, anavua kofia, anainama mbele yangu uani, utingo anapiga honi barabarani. "Mama, naondoka." Mara ya kwanza nilipaliwa, maji yakanitoka puani, nikamlowesha shati lote. Hakujipangusa. Aliondoka hivyo hivyo na kibaridi cha asubuhi. Mimi nikabaki na hesabu yangu: kama nimekosea kupuliza na lori likapinduka, kosa la nani? Akiwa njiani sikucheza. Nilikaa pale kwenye kichuguu kinachoelekea barabara mpaka nimsikie akirudi. Walimu walimwambia mama mtoto huyu amepoa, ana adabu. Sikuwa na adabu yoyote. Nilikuwa namvusha baba yangu milima kwa mawazo, kwenda na kurudi, na nilikuwa na umri wa mtoto anayeng'oka meno ya mbele.

Sasa nifike pale ninapopakwepa. Ilikuwa mchana, mvua imekatika, mama amekwenda kusaga. Nilikuwa nimeketi kizingitini nachambua dagaa. Baba alitoka chumbani. Hakuwa amelewa, baba hakunywa. Alikaa chini, kwenye udongo wenye unyevu, akalaza kichwa chake mapajani mwangu, juu ya ungo na dagaa wake. Kichwa kizito. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Sikuwahi kumwona mwanamume analia, nilidhani anaumwa. Kisha akasema, uso umefichwa kwenye gauni langu, "Mama, mbona uliondoka hukuniaga? Nilikuwa pale Mpemba tu, mama. Mpemba tu hapo. Mbona hukunisubiri?"

Nilitaka kulia. Sijawahi kutaka kitu namna ile. Nilitaka kumwambia, na mimi hakuniaga, mimi niliyelala naye shuka moja, aliamka wapi akaenda wapi bila kunigusa? Baba na mimi tungelia wote pale kizingitini na mambo yangekwisha. Lakini nilikuwa ndiye mama. Alikuwa ananiuliza swali, anasubiri, na ndani yangu bibi amekaa kimya kama siku ya mbegu. Nikatafuta jibu lake, sikulipata. Nikajibu la kwangu.

"Nilichoka, mwanangu," nikasema. "Nilikuwa nimechoka sana."

Nilikuwa nimechoka. Kwa sweta juu ya sweta, kwa kumeza, kwa kukaa kichuguuni. Nilisema tu ukweli wa mtoto aliyechoka, na neno mwanangu niliongeza kwa adabu.

Nikasikia pumzi ya baba inatulia. Kisha akanyanyuka, ana gamba la dagaa shavuni, akanitazama kwa mshangao mkubwa. "Ulichoka," akasema. "Ni kweli, mama. Ulifanya kazi sana." Akajifuta uso, akaenda kurekebisha ua ulioanguka, na jioni ile alikula ugali wa kushiba kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alipona. Nawaambia alipona, nilimwona kwa macho yangu. Kisa hicho alikisimulia maisha yake yote, kanisani, vijiweni, kwa wakwe zangu siku ya mahari: jinsi mama yake alivyorudi akamwambia kwa kinywa cha mjukuu kwamba aliondoka kwa sababu ya kuchoka. Watu walikuwa wanatikisa vichwa. Mimi nilikuwa nahudumia chai. Sikumsahihisha hata siku moja, na sijutii. Mtu aliyekuwa anazama ameshika kamba, utamwambia kamba hiyo ni ya kufungia mbuzi? Ila hakuna aliyewahi kuniuliza nilikuwa nimechoka na nini.

Nikakua. Bibi wa ndani sijui aliondoka lini. Labda darasa la tano au la sita nilijua, kama mnavyojua nyote, kwamba hakukuwa na mtu. Jina lilibaki, na kazi ilibaki. Shangazi akigombana na mumewe anakuja kulia kwangu. Baba alipopata simu alikuwa ananipigia kabla ya kila safari, nami katika ofisi ya walimu napuliza kwenye simu, wenzangu wakidhani natoa vumbi. Kwenye misiba ya ukoo mimi ndiye wa kuwanyamazisha wengine. Ninayo maneno ya kutosha, nayagawa. "Nyamaza, mwanangu, Mungu yupo." Nimewaambia hivyo watu walionizidi umri kwa miaka mingi, na wamenyamaza.

Kazi yangu nayo ina kejeli zake. Kila mwaka nawafundisha kidato cha tatu mbolezi. Naandika ubaoni: mbolezi ni nyimbo za kuomboleza, huimbwa kwa sauti ya chini na taratibu, hutaja sifa za marehemu, humfariji mfiwa. Wananakili. Mwaka mmoja kijana mmoja wa nyuma aliuliza, "Mwalimu, wewe umewahi kuimba mbolezi?" Nikamwambia afungue ukurasa wa mazoezi. Kisha kuna ile semina ya ushauri nasaha tuliyopelekwa walimu. Mwezeshaji, kijana mpole mwenye miwani, alieleza kwamba waliochunguza mambo ya huzuni wanatushauri tusimfiche mtoto nyuma ya maneno laini, tumwambie wazi kwamba fulani amekufa, tena tumwache alie. Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Nikanyoosha mkono, nikauliza, "Na kama mtoto ameambiwa aliyekufa ni yeye?" Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka, akasema swali ni zuri, tukalijadili kwenye makundi. Kwenye makundi tulijadili posho.

Siilaani ile mila, msinisikie vibaya. Nimeona wajane waliorudishiwa mume kwa jina tu wakapata nguvu ya kupanda tena mahindi. Mkeka usioachwa mtupu ni faraja kubwa kwa wanaousogelea. Ninachosema ni kwamba na anayekalishwa pale naye alikuwa na marehemu wake.

Baba alikufa kwa presha, mchana, akiwa shambani kwenye kahawa yake. Mara hii wote tuliambiwa wazi, kwa simu. Nilifika Hasamba nikakuta mkeka umeshatandikwa sebuleni, na mahali pangu pametengwa: kichwani mwa mkeka, mahali pa mama wa marehemu. Mama yangu, mjane, alikuwa kwenye godoro pembeni, kichwa kimefunikwa. Nikaketi. Siku zote za msiba niliketi pale, wanakuja, wanapiga magoti, wanalia mapajani mwangu, nawanyamazisha. Wadogo zangu walikuwa nje na wafiwa. Nilikuwa nawasikia wakilia, "Baba! Baba yetu!" na kila nikifungua mdomo, kunatoka, "Nyamaza, mwanangu."

Siku ya mazishi jeneza lilitolewa uani. Tulisikia kipaza sauti kikisoma wasifu wa marehemu, kisha mshereheshaji akasema watoto wajipange waelekee kaburini kuweka udongo. Mama hamtupii mwanawe udongo, ndivyo ilivyo kwa watu wa bibi. Mama anabaki mkekani mpaka watu warudi. Nilisikia miguu ya wadogo zangu ikijipanga. Shangazi Tabitha, mzee sasa, magoti mabovu, alikuwa ameniinamia analia.

"Mama, kaka ameniacha. Mama, nifanyeje?"

Nilitafuta yale maneno yangu ya kugawa. Hayakuwepo. Niliyatafuta kweli.

"Sijui, shangazi," nikasema.

Alinyanyua kichwa. Tangu nilipokalishwa mkekani nikiwa darasa la pili sikuwa nimemwita shangazi. "Umeniitaje?"

"Shangazi. Mimi sijui la kukwambia. Nimefiwa na baba."

Bibi mmoja wa ng'ambo akasema kwa upole, kwa lile neno lao la heshima, "Hapana, mukwai, mama hasimami. Mkeka hauachwi mtupu." Ndipo mama yangu akaufunua uso wake pale kwenye godoro. "Tabitha," akamwambia wifi yake, "mwache mtoto wangu akamzike baba yake."

Shangazi alinitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa ananitafuta humo ndani ya mama yake, na sina hakika alinipata. Kisha akaweka mkono mmoja sakafuni, mwingine begani kwangu, akajisukuma taratibu mpaka akafika nilipokuwa nimeketi.

"Sogea basi," akasema. "Nikae mimi. Na mimi ni damu yake."

Nikatoka pekupeku. Wadogo zangu walikuwa wamefika nyuma ya migomba. Mdogo wangu anayenifuata, anayeongoza mstari, aliniona, akarudi nyuma hatua bila kuuliza, nikasimama mahali pa mtoto wa kwanza. Nikachukua udongo. Ulikuwa wa baridi na wenye unyevu, nikautupa, ukagonga ubao, na ule mlio ukapasua kitu. Nilifungua mdomo nimwite baba.

"Bibi!" nikapiga kelele. "Bibi! Bibi yangu we!"

Nikaanguka magotini. Nililia ufizi wake, kiuno chake, matusi yake kwa baridi, upande wake wa gunzi. Nilimuuliza kwa nini hakuniamsha. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto wa sekondari, nalia kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili, na watu wakaanza kuulizana. "Amechanganyikiwa, masikini," mmoja akasema. Mdogo wangu akachuchumaa, akanishika mabega, akanong'ona sikioni, "Dada. Dada, ni baba. Tunamzika baba."

"Najua," nikamwambia. "Lakini bibi ndiye aliyetangulia."